RCD kwenye nyumba ya zamani: ifungwe tu, au waya uvutwe upya?

Fungua soketi ya nyumba ya zamani Upanga au Mji Mkongwe, si ajabu ukute tundu la athi (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja) halina waya nyuma yake. Hapo mafundi hugawanyika. Wapo wanaosema: funga RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampia 30 karibu na meni swichi, inatosha. Wengine wanasema RCD kwenye waya chakavu ni usumbufu mtupu. Vuta waya upya au acha kabisa.

Tuanze na hesabu. Fyuzi ya ampea 30 inalinda waya, haimlindi mtu. Mwili wenye ukinzani wa omu 1,500 kwenye volti 230 hupitisha miliampia 150 hivi: zinatosha kuua, na fyuzi haijahisi kitu. Nondo ya athi, ile inayochomekwa ardhini, peke yake nayo haimalizi kazi. Yenye omu 20, na hiyo ni nondo nzuri, hupitisha ampea 11.5 tu friji inapovuja. Fyuzi haikatiki na bodi ya friji, yaani ganda lake la chuma, inabaki na moto, yaani umeme. RCD hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata ndani ya milisekunde 300. Inafanya kazi hata pasipo athi, ila hapo inasubiri mtu aguse kwanza. Na aliyeshika waya wa moto na nyutro (waya unaorudisha umeme) kwa pamoja haimwoni kabisa, wala kiungo kilicholegea kinachoungua ndani ya ukuta.

Kwa hiyo wa pili wana hoja. Mpira wa nyaya za zamani hukauka na kupasuka, kila tawi (njia ya waya yenye breka yake) linavuja kidogo, na RCD moja inajumlisha yote. Ongeza hita ya maji yenye elementi iliyopasuka, itakata kila asubuhi. Lakini kuiruka RCD, yaani kuunganisha waya bila kuupitisha humo, kwa sababu hiyo ni kosa kubwa. Inakata kwa kuwa umeme unavuja kweli. Chomoa vyombo vyote, zima breka zote, kisha washa moja moja. Ikikata hata breka zikiwa zimezimwa, shuku nyutro inayogusa athi, maana breka nyingi za majumbani hukata waya wa moto tu. Fundi apime kila tawi kwa mega (kipimo cha uvujaji wa waya) ya volti 500. Lililo chini ya megaomu 1 ndilo livutwe upya kwanza.

Kibaya kuliko yote ni kipande cha waya kinachounganisha nyutro na athi ndani ya soketi ili testa ionyeshe athi ipo. Nyutro ikikatika, bodi ya chombo kilichochomekwa hapo inapata moto.

Kwa fedha kidogo, tungeanza na RCD ya soketi na hita, taa zikae nje yake ili nyumba isiingie giza inapokata. Kisha nondo na waya wa athi, halafu tawi baada ya tawi. Kitufe cha T, cha kuijaribu RCD, kibonyezwe kila mwezi. RCD isipokata, ibadilishwe siku hiyohiyo. Ikikata, kilichopimwa ni mtambo wake wa ndani tu. Athi inapimwa kivyake.