Thamani ya Sibakthoni Imo Mizizini

Juma lililopita dada yangu mkubwa, ambaye anaugua kisukari, alinionyesha kichupa cha mafuta ya sibakthoni (sea buckthorn), kichaka cha miiba chenye matunda madogo ya rangi ya chungwa, alichokinunua kwa bei iliyomuumiza. Karatasi iliyobandikwa juu yake iliahidi kuponya kisukari, vidonda vya tumbo na hata saratani. Nilikasirika, kwa sababu mmea huu una sifa za kweli za kutosha na hauhitaji kusingiziwa nyingine.

Nakubali kwamba tunda lake dogo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na kwamba Warusi wamekuwa wakipaka mafuta yake kwenye majeraha ya moto kwa miaka mingi. Lakini hayo si ushahidi wa kuponya saratani, na mgonjwa anayeacha dawa zake kwa kukiamini kichupa anaweza kupoteza maisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mizizi haitajwi kabisa. Sibakthoni huota kwenye kokoto, kwenye mchanga wa pwani na kwenye miteremko iliyochakaa ambako miti mingi hudumaa, kwa kuwa vinundu vya mizizi yake hukaliwa na bakteria aina ya Frankia, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mizizi hiyo hutambaa na kutoa machipukizi mapya, hata mmea mmoja ukazaa kichaka kizima kando yake, na udongo uliokuwa ukichukuliwa na kila mvua ukapata wa kuushika. Ndiyo maana China, tangu miaka ya 1980, imeupanda mmea huu kwa wingi katika Uwanda wa Juu wa Loess, ambako udongo laini humomonyoka na kuingia katika Mto Huang He kwa wingi hata mto ukaitwa wa Njano. Ni kweli kwamba kwenye baadhi ya vilima vya mchanga vya pwani ya Uingereza kutambaa huko huko kumesonga mimea mingine, ikabidi ufyekwe.

Kuhusu bei iliyomuumiza dada, sababu ni uchumaji: matunda yake hung'ang'ania matawi yenye miiba na hupasuka yanapochumwa, kwa hiyo wengi hulazimika kukata matawi na kuyagandisha kwanza.

Dada nimemwomba ayapake mafuta yake kwenye ngozi iliyokauka, na asikose hata siku moja kumeza vidonge vyake vya kisukari.