Dang'a, mkebe, au tone la damu kisiginoni?

Miaka mitatu iliyopita binti wa dada yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja hapa Mombasa. Alikuwa na kisukari cha mimba. Ganzi haijamtoka miguuni, mtoto keshapelekwa nasari na mumewe keshatumwa akanunue mkebe wa maziwa, kwa kuwa, nesi alisema, "sukari ya mtoto itashuka". Hakuna aliyekuwa amempima. Mavyaa naye alifika kutoka Mji wa Kale, tende kaifunga kwenye leso: mtoto atiwe tahniki, yaani apakwe mdomoni tende iliyotafunwa, apewe titi, basi.

Nesi hakuwa akitunga hofu. Sukari ya mama hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto, lakini insulini ya mama, ile homoni inayoshusha sukari, haipiti. Kongosho la mtoto huzoea kutoa insulini nyingi ya kwake. Kitovu kikikatwa, sukari inakatika papo hapo na insulini ingalimo, ndipo ndani ya saa moja au mbili sukari huporomoka. Wengine hutetemeka, hulegea au hukataa kunyonya. Wengi hawaonyeshi lolote, na sukari ikibaki chini sana kwa muda mrefu ubongo unaweza kudhurika. Isitoshe, maziwa ya mama mwenye kisukari mara nyingi huchelewa kujaa. Mwenye zamu iliyojaa watoto huona mkebe ndio salama.

Lakini mkebe usiotanguliwa na kipimo una gharama yake. Mtoto aliyeshiba kopo hana hamu ya titi, na kunyonya ndiko kunakoyaita maziwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza. Akilazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, hapati baridi, na mtoto mwenye baridi huchoma sukari haraka. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ni matone tu, kweli, ila tumbo lenyewe la siku ya kwanza ni dogo.

Hapo nakubaliana na mavyaa, isipokuwa kwenye lile "basi" lake. Mtoto wa mama mwenye kisukari anyonye mapema, kisha achomwe kisigino apimwe, arudiwe tena na tena siku hiyo ya kwanza. Hospitali nyingi duniani huingilia sukari ikiwa chini ya milimoli 2.6 kwa lita ya damu. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2020 uliwafuatilia watoto 689 waliokuwa wazima vinginevyo: waliotibiwa wakifika chini ya 2.0 hawakuwa nyuma kimakuzi walipotimiza miezi 18. Kwa hiyo 2.4 si sababu ya kumnyang'anya mama mwanawe. Kwa mtoto anayetetemeka au anayezidi kushuka baada ya kunyonya, kumng'ang'ania titi peke yake ni hatari. Huyo apewe maziwa ya kukamuliwa, ya mkebe, au dripu, bila kumlaumu mtu.

Katikati pana njia niipendayo: jeli ya deksitrosi (aina ya sukari) ya asilimia 40, hupakwa ndani ya shavu kisha mtoto hurudishwa kwenye titi. New Zealand waliijaribu, na matokeo ya 2013 yalionyesha ilipunguza watoto waliotengwa na mama zao kwa ajili ya sukari. Mavyaa nilipomweleza alisema, "Hiyo si tahniki?" Inafanana, naam. Tofauti ni kipimo: nusu mililita kwa kila kilo, na haikutafunwa na mtu. Asali ndiyo isikaribie kabisa mdomo wa mtoto mchanga.

Sasa binti yetu ana mimba nyingine, wiki ya 37, na kisukari kimerudi. Daktari amemruhusu kukamua dang'a kwa mkono mara mbili kwa siku, jambo ambalo Australia walilichunguza kwa wanawake 635 wenye kisukari wasio na hatari nyingine, wakaliona salama. Jana nilimkuta jikoni akivuta matone ya manjano kwa bomba dogo lisilo na sindano. Friza ina mabomba sita, kila moja na tarehe. Na kwenye simu kaandika swali la kuuliza kliniki: "Mtampima saa ngapi, na stripi za kupimia sukari mnazo?"