Khedive Ismail: Je, Petard ilikuwa na njia nyingine?

Meli ya mvuke Khedive Ismail iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa jina la Aconcagua, ikibeba abiria wa kampuni ya Chile. Baadaye iliuzwa Misri, na mwaka 1940 Waingereza wakaichukua kwa kazi ya vita. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Mombasa kwenda Colombo, pamoja na meli nyingine nne za askari. Ilipakia watu 1,511, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996.

Alasiri ya tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili, yaani makombora yanayojiendesha majini. Haikumaliza dakika tatu juu ya maji. Kwa kasi hiyo hakuna mashua inayoshushwa, na aliye ghorofa za chini hafiki kwenye ngazi. Walikufa watu 1,297.

Ubishi umebaki juu ya yaliyofuata. I-27 ilijificha chini ya waogeleaji, na Petard, manowari ya Uingereza iliyousindikiza msafara, ikaangusha mahali palepale mabomu ya kina, yaani yanayolipukia chini ya maji. Bomu la aina hiyo lilikuwa na takriban kilo 130 za baruti. Maji hayabonyei kama hewa, hivyo mshindo hufika mwilini ukiwa na nguvu nyingi na kupasua mapafu na matumbo. Aliyening'inia wima majini huumia zaidi ya aliyelala chali. Na haikuwezekana kulenga sawasawa: asdiki, chombo cha kusaka nyambizi kwa sauti, hupoteza mwangwi manowari inapokaribia, basi mabomu humwagwa kwa eneo.

Wanaolaumu wana hoja nzito. Meli nne zilizosalia zilikuwa zinakimbia kwa kasi inayozidi noti 10 (noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa). Nyambizi ile chini ya maji haikuzidi noti 8, tena kwa muda mfupi kabla betri hazijaisha. Zilikuwa hatarini kweli?

Mchana huo, pengine hapana. Lakini usiku I-27 ingeibuka, na juu ya maji ilifikia noti 23. Ingezifuata hadi izipate. Zaidi ya hapo, manowari ya pili ya ulinzi, Paladin, ilikuwa imeshusha mashua kuokoa watu, na chombo kilichosimama ni shabaha rahisi kwa topido. Hoja hii ya pili huwa inasahauliwa, nami naiona nzito kuliko ile ya kwanza.

Kuimaliza nyambizi nako hakukuwa rahisi. Mabomu yalipoilazimisha kuibuka, Paladin ilijaribu kuigonga, ikapasuliwa ubavu na bawa la kuzamia la nyambizi hiyo. Mizinga ya Petard haikutoboa gamba la ndani la nyambizi. Ikabidi topido, na ya saba ndiyo iliyopata.

Kwa hiyo simlaumu kamanda wa Petard. Lawama ninayoiona ina msingi ni ya waliopanga ulinzi: meli tano za askari zikapewa manowari mbili tu za kuwinda nyambizi. Ya tatu, Hawkins, ilikuwa kruza, meli kubwa ya kivita iliyoundwa kupigana na meli za juu ya maji. Moja ikiokoa na nyingine ikiwinda, hakuna iliyobaki kulinda msafara. Kungekuwa na manowari mbili zaidi za kuusindikiza hadi Colombo, Petard ingeweza kuizunguka I-27 kwa mbali, ikasubiri betri zake ziishe huku Paladin ikiopoa watu.