Mkato Ukae Wapi Kwenye Namba Kubwa?

Chukua tarakimu hizi tisa: 123456789. Popote utakapozipeleka thamani yake ni ileile, kwa kuwa kila nafasi ni mara kumi ya nafasi iliyo kulia kwake. Ubishi unaanza pale watu wanapozigawa ili zisomeke. Mwingereza ataandika 123,456,789. Mhindi ataandika 12,34,56,789, yaani krori kumi na mbili, laki thelathini na nne, elfu hamsini na sita, mia saba themanini na tisa. Krori yake ni milioni kumi. Mjapani akifuata ulimi wake angegawa nne nne, 1,2345,6789, maana ana neno moja la elfu kumi, man, na jingine la milioni mia, oku. Wachina nao wana wan na yi kwa thamani hizohizo.

Je, wote wafuate makundi ya tatu tatu, au kila lugha igawe namba inavyozitamka?

Wanaotaka mfumo mmoja wana hoja nzito. Namba inavuka mipaka kila dakika, na anayeipokea hajui ulimi wa aliyeituma. Tayari alama zenyewe zinagongana: 1.234 kwa Mwingereza ni moja na sehemu kidogo, kwa Mjerumani ni elfu moja mia mbili thelathini na nne. Ndiyo maana mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ule unaosimamia mita na kilogramu duniani, ulikubali kwamba alama ya desimali iwe nukta au mkato, na kwamba namba ndefu zikigawanywa tatu tatu, kati ya makundi iachwe nafasi tupu, bila nukta wala mkato. Ukiona 1 234 567 huwezi kudhani kuna desimali humo. Kwangu mimi huu ni uamuzi wa busara, na inasikitisha kwamba wengi wetu hatujaufuata.

Lakini upande wa pili nao usipuuzwe. Mkato si sehemu ya namba. Umewekwa kulisaidia jicho lijue neno linalofuata ni lipi. Kwa Mhindi mkato unaangukia palepale neno linapobadilika: hapa krori, hapa laki, hapa elfu. Anasoma bila kuhesabu sifuri. Mjapani, ambaye siku hizi huandika tatu tatu kama wengine, hana raha hiyo. Akikutana na 250,000 lazima kichwani ausogeze mkato nafasi moja kushoto, apate 25,0000, ndipo aseme man ishirini na tano. Ni kazi ndogo, lakini anairudia maisha yake yote, na namba inavyorefuka ndivyo nafasi ya kukosea inavyopanuka.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaijua kazi hiyo, ingawa hatuitaji. Namba zetu zina nasaba nyingi: kumi ni letu la Kibantu, mia na elfu ni za Kiarabu, laki imetoka Bara Hindi, milioni imetoka Ulaya. Tukaandika kwa mkato wa Kiingereza na kutamka kwa laki ya Kihindi. Tazama 750,000. Mkato unakuelekeza useme elfu mia saba hamsini, lakini ulimi unasema laki saba na nusu, na laki hiyo inaishia baada ya tarakimu ya kwanza, mahali pasipo na mkato wowote. Mtoto anayejifunza kusoma namba hukwama hapohapo, na kukwama kwake kuna sababu.

Je, tuandike 7,50,000? Sioni haja. Mhindi ana krori juu ya laki, kwa hiyo makundi yake ya mbili mbili yanaendelea kupanda. Sisi juu ya laki tunarukia milioni, ambayo inakaa vizuri kwenye makundi ya tatu. Pengo letu ni moja tu, na linazoeleka. Kwa Mhindi, kumlazimisha aache mpangilio unaolingana na lugha yake ndani ya nchi yake ni kumnyang'anya msaada bila kumpa kitu. Akiandika kwa ajili ya wa nje, hapo ndipo atumie tatu tatu.

Linalonitia hofu zaidi ni bilioni, kwa sababu hapo hata neno linadanganya. Kwa Marekani ni milioni elfu moja. Kwa Ufaransa na Ujerumani bilioni ni milioni milioni, yaani sifuri kumi na mbili. Uingereza nayo ilikuwa na mazoea hayo ya sifuri kumi na mbili, hadi mwaka 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alipotangaza kwamba serikali itatumia maana ya Kimarekani. Kiswahili kimeshika sifuri tisa. Anayetafsiri kutoka Kifaransa akiiacha bilioni kama ilivyo amekosea mara elfu nzima, na hakuna mkato utakaomwokoa. Mahali kama hapo tarakimu zote ziandikwe.

Na kwetu sisi kuna hatari iliyo karibu zaidi kuliko mkato, nayo ni kale kaneno "na". Msomee mtu namba kwa simu: "Elfu ishirini na tano." Mmoja ataandika 25,000, mwingine 20,005, na wote wawili wamesikia sawasawa. Walimu hushauri kutua kidogo kabla ya "na", lakini mtuo haupiti vizuri kwenye simu, na kwenye maandishi ya haraka hauonekani kabisa. Wapo wanaotanguliza hesabu na kuiweka elfu nyuma: ishirini na tano elfu kwa 25,000, ishirini elfu na tano kwa 20,005. Wengine huona mpangilio huo haupendezi, kwa kuwa tumezoea elfu itangulie kama mia inavyotangulia. Nawaelewa. Hata hivyo mimi nimeshauzoea, na ninaposomea mtu namba, simsikii tena akiuliza, "Ni tano tupu, au elfu tano?"