Mkungu Aliyevaa Ushungi

Shemeji yangu ana msimamo mmoja tu kuhusu gari za starehe: hutolewa Idd mosi, hurudishwa Idd pili, na baada ya hapo hufunikwa turubai mpaka mwezi uandame tena. Mie msimamo wangu ni mwengine. Na kwa vile gari ni yangu na deni lake nalilipa mie, msimamo wangu ndio unaotembea barabarani.

Gari yenyewe ni Mazda Roadster nyekundu, ya toleo lile la mwanzo lililozinduliwa mwaka 1989, lenye taa zinazolala ndani ya bodi na kuinuka ukiziwasha. Kwa sababu ya macho hayo, watoto wa mtaani kwetu Bububu, Unguja, wameipa jina la Chura. Viti viwili. Paa la turubai linalokunjwa kwa mkono. Injini ya lita 1.6, uzito haufiki tani moja, na usukani uko kulia kwa sababu Wajapani nao hupita kushoto, kwa hiyo ilishuka Malindi bandarini ikiwa tayari mwenyeji. Shemeji husema nimenunua kitu ambacho mtu mwenye akili zake hawezi kununua. Mazda wamekwishatengeneza zaidi ya milioni moja za ukoo huu. Ya milioni ilitoka kiwandani mwaka 2016. Watu milioni, shemeji. Wote wendawazimu?

Hoja zake nazijua kwa moyo: chumvi ya bahari, matuta, mashimo, kunguru. Sikatai. Tuta la kawaida mie hulipita upandeupande, tairi moja baada ya jengine, huku nyuma watu wanapiga honi na kunitajia wazazi wangu. Nikisimama pembeni ya lori naona nati za tairi tu. Lakini gari ikilala nayo haipati afya. Betri hushuka, breki hushika kutu, petroli huchacha, na turubai walilolifunika kwa mapenzi hufungia unyevu wa pwani ndani usitoke. Panya wakishagundua kuwa mwenye gari haji, huhamia na familia. Fundi wangu wa Jang'ombe alinieleza kwa maneno machache: gari ilitengenezwa iende, ukitaka ya kukaa nunua kabati.

Basi nikaifanya gari ya kila siku. Kazini, sokoni, msibani, kokote.

Asubuhi moja ya masika mke wangu akanipigia simu kazini. Mama yake anashuka na boti ya Pemba, na kaka yake, shemeji yule yule, aliyekuwa ampokee amekwama, kwa sababu Noah yake iko gereji. Narudia, kwa faida ya wanaosoma haraka: Noah, gari ya viti vinane, gari ya watu wenye akili zao, iko gereji. Chura yuko nje anapumua.

Nikamkuta mama mkwe amesimama nje ya bandari na mzigo wake. Mzigo wa mtu wa Pemba anayekuja kumtazama bintiye hauna haja ya kuelezwa, lakini huu nitaueleza. Begi moja. Kikapu cha halua. Pakacha lenye jogoo hai. Na mkungu wa ndizi mzima, umesimama wima ubavuni mwake, na kidogo tu umpite urefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari iko wapi?"

"Hii hapa."

"Hii naiona. Nakuuliza gari."

Nikafungua buti. Humo betri na tairi la akiba walishatangulia kukaa, nao ndio wenyeji, kwa hiyo begi na kikapu cha halua viliingia kwa kubanwa. Mama naye akaanza kuingia. Kiti cha Chura kiko chini mno, akashuka, akashuka, akazidi kushuka, mpaka akaniuliza kwa upole, "Nimefika au bado?" Jogoo akampakata. Ukabaki mkungu.

Hapo hakukuwa na njia ila kukunja paa. Kwanza unafungua zipu ya kioo cha nyuma, maana ni kioo cha plastiki, ukikikunja kwa pupa kinapasuka, na hicho hukipati sokoni Darajani. Kisha unalilaza paa nyuma. Mkungu nikausimamisha nyuma ya viti, kichwa juu, nikaufunga na kiti kwa khanga. Mama akautazama, akaona upepo utazikwaruza ndizi zake, akatoa khanga nyengine begini akaufunika vizuri kuanzia juu, akaikunja na kuipachika kwa ustadi wa mtu aliyevaa ushungi maisha yake yote.

Tukaondoka. Malindi ikasimama kutuangalia.

Mvua ya masika haipigi hodi. Tulipofika Saateni tone la kwanza lilinianguka puani, na kabla sijalifuta wenzake wote walikuwa wamefika. Nikasimama pembeni nifunge paa. Paa halifungiki, mkungu umekaa pale pale paa linapopita.

"Mama, tuutoe huu mkungu kidogo."

"Utoke uende wapi?"

"Tuuache hapa, nije kuuchukua baadaye."

Hakunijibu. Alinitazama tu, na mie nikakumbuka kuwa huyu ndiye aliyenipa mke.

Sasa, gari za wazi zina siri yao. Ukienda mwendo mzuri, upepo unaorushwa na kioo cha mbele huipeleka mvua juu ya vichwa vyenu, na waliokaa ndani hawalowi sana. Ni kweli, nimewahi kuijaribu. Nikamweleza mama, naye akaonesha imani. Tatizo ni kuwa siri hii inataka mwendo, na mbele yetu kulikuwa na daladala ya njia namba 502. Atakayenitajia kituo ambacho 502 haisimami nitampa zawadi. Inakwenda hatua chache, inasimama. Kila ikisimama, mvua yote iliyokuwa ikitupita juu inarudi kwetu na madeni yake. Abiria wa nyuma wakatuona. Wakaanza kutushauri kwa sauti moja: "Funga paa! Funga paa!" Mama akawanyooshea kidole mkungu. Wakanyamaza. Nadhani waliona ni mgonjwa.

Mwaka 1905 palijengwa reli kutoka mjini mpaka Bububu, Wamarekani ndio walioijenga. Iling'olewa zamani. Sikuwahi kuihitaji treni ile ila siku hiyo.

Kwa kuwa kiza kilitanda, nikawasha taa. Jicho la kushoto likainuka. La kulia likatikisika, likasita, likalala tena. Mama, ambaye hakuwa na habari kuwa gari hii ina macho, alishika pakacha kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu, imeamka," kisha akaanza Ayatul Kursiy. Hakuwa na haraka, aliisoma kwa tajwidi.

Karibu na Mtoni, trafiki aliyekuwa amejisitiri chini ya mti alitoka na koti lake la mvua, akanyanyua mkono.

"Gari yako inanikonyeza tangu kule," akasema.

"Taa moja imegoma, afande."

"Hilo tutalifikia. Gari hii ya watu wangapi?"

"Wawili."

"Mbona mko watatu?" Akainama, akapunguza sauti, kiume kwa kiume. "Na huyo bibi umemsimamisha nyuma hana hata kiti. Na mvua yote hii. Huoni haya?"

Nikafungua mdomo. Yeye alishanipita, amefika ubavuni mwa gari, amevaa adabu zake.

"Shikamoo bibi."

Mkungu kimya.

"Bibi, shikamoo."

"Hakusikii," mama akamwambia.

"Ni kiziwi?"

"Ndizi."

"Bi Ndizi, shikamoo!" akapaza sauti, ndipo mama akavuta khanga.

Trafiki aliutazama mkungu muda mrefu. Kuna daladala ilitupita pale, ikapunguza mwendo kwa hiari yake, jambo ambalo sijaliona tena. Nikadhani nimekwisha: abiria bandia, taa moja, mzigo. Ili nijioneshe kuwa ni raia mwema nikafungua boneti kuishughulikia taa. Kila taa ya Chura ina mota yake, na mota ina kifundo unachoweza kukizungusha kwa vidole mpaka taa inyanyuke. Unazungusha sana. Nikawa nazungusha, taa inapanda kidogo kidogo, na ilipotokeza yote jogoo aliiona kupitia ufa wa boneti, au alihisi, sijui. Pakacha lilikwisha kulowa. Jogoo akalipasua, akaruka juu ya kioo, akatua begani kwa askari, akaondoka zake kuelekea mtaroni.

"Jogoo wangu!" mama akapiga kelele. "Mwanangu, jogoo!"

Mwanangu huyo hakuwa mie. Na mtu aliyelelewa Zanzibar akiitwa mwanangu na mama wa makamo yale, mguu hutangulia kabla ya akili. Trafiki akakimbia. Koti likafunguka, sare nyeupe ikaingia kwenye mtaro, ikatoka rangi nyengine. Alirudi ameshika jogoo kwa miguu, anahema.

"Nendeni," akasema, akamkabidhi mama. "Nendeni kabla sijajua la kuandika."

Tukaenda, macho yote mawili wazi. Maji sakafuni yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na picha yetu ilifika Bububu kabla yetu. Mke wangu alitupokea mlangoni na simu mkononi. Mama hakusema neno. Aliomba chai.

Aliyesema ni shemeji, jioni, na alisema kwa raha zote. Nikamwachia amalize, kisha nikampeleka kwa fundi Jang'ombe akasikie kwa masikio yake. Taa iligoma kwa sababu plagi ya mota ilikuwa imeota ukijani wa kutu kwa unyevu. Unyevu wa lini? Wa ule wakati niliomsikiliza yeye nikaifunika gari turubai msimu mzima. Na maji? Nyuma ya viti, kila upande, kuna tundu linalopokea maji ya paa na kuyatoa chini ya gari. Yote mawili yalikuwa yamezibwa na majani ya mwembe, ambao Chura alilala chini yake msimu ule ule. Yakiachwa hivyo, maji huingia kwenye vizingiti vya chini ya milango na kuozesha bati kutokea ndani, huoni kitu mpaka siku linatoboka. Fundi aliyazibua kwa mpira laini, si kwa chuma, akamwaga chupa ya maji kujaribu. Yakatoka chini bila wasiwasi. Shemeji akasema gereji ile ina joto, akatoka nje.

Siku ya mama kurudi Pemba, Noah ilikuwa imepona. Shemeji aliileta imeoshwa, kiyoyozi kimewashwa, mlango umefunguliwa. Mama akapita mbele yake na buibui lake jipya, akaenda kwa Chura, akashuka, akashuka, akafika.

"Kunja paa," akaniambia. "Wenzangu wa boti wananingojea wanione."

Jua lilikuwa kali. Mizigo yote ikaingia kwenye Noah, nayo ikatufuata nyuma. Mtoni, chini ya mti ule ule, trafiki yule yule akatusimamisha. Akachungulia nyuma ya viti, hakuona kitu.

"Leo wa tatu yuko wapi?"

Mama akaashiria nyuma kwa kidole gumba.

"Yule kule," akasema. "Anaendesha Noah."