Kabla ya choo chenye kamera, tupeni vijiti vya mkojo

Sisimizi ndio waliomgundua baba. Kila asubuhi walijipanga pale pale alipokojoa, pembeni mwa bafu la nje, nyumbani kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hadi mama akamwambia, "Mzee, hawa wadudu hawaji bure." Kituo cha afya kikathibitisha kisukari, tena cha muda mrefu. Nyayo zilikuwa zimeshaanza kufa ganzi.

Kwa hiyo niliposoma habari za choo kinachopima afya nyumbani, niliisoma hadi mwisho. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kundi la Dkt. Sanjiv Gambhir, walieleza choo ambacho kamera zake husoma kijiti cha kupimia mkojo, hutazama mkojo unavyotoka na kutambua kama haja kubwa ni ngumu au ya majimaji. Ili majibu ya mama yasiingie kwa mtoto, choo humtambua mtu kwa alama ya kidole anapovuta maji, na pia kwa picha ya tundu la haja kubwa.

Wazo lenyewe nalipenda kwa moyo wote. Mwili hutoa habari zake kila siku, nasi tunazimwaga bila kuzisoma. Lakini Kampala wengi wetu tunatumia choo cha shimo, tena tunagawana na wapangaji wenzetu, foleni ya asubuhi na ufunguo mmoja. Hapo kamera unaifunga wapi? Na picha hizo anazitunza nani? Tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, lakini mimi sitaki picha kama hizo za mama yangu zikae popote.

Kinachonivutia ni kile kijiti. Hakihitaji choo cha kukalia, maji ya bomba wala umeme. Unakichovya kwenye mkojo, unasubiri dakika moja au mbili, unalinganisha rangi na zile za kwenye kichupa: sukari, protini, damu, dalili za maambukizi. Kina mipaka yake. Sukari huonekana kwenye mkojo pale tu inapopanda sana kwenye damu, takriban miligramu 180 kwa desilita, kwa hiyo kisukari kichanga hukipita kimya kimya. Hata choo cha Stanford, kwa kuwa kinasoma kijiti hicho hicho, hakivuki mpaka huo. Lakini baba alikuwa ameuvuka zamani. Na mjamzito mwenye protini kwenye mkojo na presha ya juu anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo, kabla kifafa cha mimba hakijamwangusha.

Kusoma vyoo si jambo geni hapa kwetu. Mwaka 2021 kirusi cha polio kilionekana kwenye maji taka ya Kampala, na Januari 2022 wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta watoto wa chini ya miaka mitano. Mji mzima ulipimwa kupitia choo, na hakuna aliyepigwa picha.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni dogo. Mhudumu wa afya wa kijiji tayari hubeba kipimo cha malaria mkobani, naye anajua nani ana mimba na mzee gani anaamka mara nne usiku kukojoa. Mwongezeeni kichupa kimoja cha vijiti na mumfundishe kuzisoma rangi.