Kwaya ya vijana ikienda Ujerumani, ratiba ifuate nyimbo

Wiki ya tatu sasa tangu turudi na bado nikifumba macho naliona dirisha la basi. Mimi ni mlezi wa kwaya ya vijana ya usharika mmoja huku Machame, Kilimanjaro, mwezi wa sita tulizunguka Ujerumani siku 16, vijana 26 na watu wazima watatu, kwa mwaliko wa marafiki zetu wa kanisa la kule ambao urafiki wetu nao ulikuwepo tangu mi niko sande skuli. Kila nikipita dukani naulizwa mliona nini, basi natoa simu naonyesha picha. Lakini kuna jambo ambalo picha haiwezi kulisema na mi nataka niliandike hapa, kwa sababu najua kuna kwaya zingine zinajiandaa kwenda na wanaopanga ratiba ni watu kama mimi na mwenyekiti wetu, tunaopenda watoto waone kila kitu.

Ratiba yetu ilikuwa na miji tisa. Tisa kwa siku 16! Tulipokaa kwenye kikao mwezi wa pili ilionekana nzuri sana kwenye karatasi, tulipiga mpaka makofi.

Sasa ngoja nikwambie ilivyokuwa. Kule dereva wa basi akiendesha masaa manne na nusu ni lazima apumzike dakika 45, ni sheria, na anaifuata kabisa, na mi namheshimu kwa hilo maana tunajua wenyewe mabasi ya huku yanavyotuua. Lakini sisi tulipopiga hesabu ya safari hatukujua, kwa hiyo kila siku tulikuwa tunafika tumechelewa, watoto wanashuka wanakimbia kuvaa sare, hakuna hata kupasha sauti. Siku ya Köln ndo iliniuma zaidi. Lile kanisa kuu lao lina minara ya mita 157, walianza kulijenga 1248 wakamaliza 1880, ukisimama chini ukaangalia juu shingo inauma, ni kazi ya ajabu na sitasema vijana wasiione. Ila tuliwaruhusu wapande mnara, ngazi 533, asubuhi, wakashuka wakala mkate wakiwa wamesimama, na jioni tulikuwa na onyesho mji wa jirani. Soprano walianza vizuri, wimbo wa tatu sauti zikawa zinashuka, wimbo wa tano zimeshuka nusu toni nzima na mwalimu anawaangalia hana la kufanya. Binti mmoja alilia baadaye bafuni, akaniambia mama mlezi, hawa watu wametusafirisha mbali hivi halafu tumewaimbia vibaya. Yule mtoto hakuimba vibaya, alichoka tu, na waliomchosha ni sisi wakubwa.

Na kuna jambo la makanisa yenyewe, ambalo kama wewe ni mwalimu wa kwaya naomba usome polepole. Kanisa letu lina bati na dari ya mbao, unapiga ngoma sauti inakufa hapo hapo. Yale ya kule ni mawe matupu na juu ni mbali. Mwalimu wetu alifanya jambo moja la akili sana, tulipoingia kanisa la kwanza alisimama katikati akapiga kofi moja, paa, akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole, ule mlio ukafika sekunde nne bado unazunguka kule juu. Akawageukia vijana akasema mmesikia? hapa ukikimbia unajikanyaga mwenyewe. Wakaimba mstari mmoja kwa mwendo wetu wa nyumbani, ikawa uji mtupu, besi imemeza alto, maneno huyasikii. Wakarudia polepole, wanafunga silabi ya mwisho wote pamoja, wanasubiri sauti iishe kabla ya kuanza mstari mwingine, ngoma ikapigwa kwa ncha za vidole tu. Wee! Mi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na nywele zilisimama. Hiyo ilichukua nusu saa, na ni nusu saa tuliyoipata kwa bahati kwa sababu siku hiyo tulifika mapema. Makanisa mengine hatukuipata.

Chakula na malazi sina neno, tulilala kwenye nyumba za watu wawili wawili, walitupenda. Jioni wanakula mkate mzito wa rai (nafaka kama ngano) na jibini na soseji za baridi, vijana siku za kwanza walikuwa wanangoja chakula chenyewe kije. Jua nalo linazama karibu saa nne usiku, watoto wanaambiwa walale na nje kunang'aa. Walizoea.

Nataka nikae kidogo kwenye habari za Leipzig. Leipzig tulipangiwa siku moja, zikawa mbili kwa sababu onyesho la mji mwingine lilifutwa, na nasema kutoka moyoni zile siku mbili zilizidi ile miji mingine yote. Wamisionari wa Leipzig ndo walikuja Kilimanjaro 1893, huku kwetu kila mtoto wa kipaimara anaambiwa hilo, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kusimama kwenye mji wenyewe ni kingine, na ile misheni ipo mpaka leo. Ijumaa saa kumi na mbili jioni tukaenda kanisa la Thomaskirche. Hapo kuna kwaya ya wavulana, Thomanerchor, iliyoanza 1212, na Johann Sebastian Bach alikuwa mwalimu wake tangu 1723 mpaka alipofariki 1750, kaburi lake liko mbele pale karibu na madhabahu, bamba la shaba sakafuni lenye jina lake tu, na watu wanaweka maua. Kila Ijumaa na Jumamosi kunakuwa na ibada ya muziki, unanunua karatasi ya programu mlangoni kwa bei ndogo, unakaa.

Hatukuimba siku hiyo. Tulikaa tu tukasikiliza, na nadhani ndo mara pekee safari nzima vijana wetu walikaa saa nzima bila mtu kuwaambia haya twende. Katikati ikaja tuni moja, nzito, sauti nne, na kijana wetu mmoja wa sauti ya tenor aliyekaa mbele yangu nikamwona mabega yameshtuka, akageuka akaninong'oneza, mama hii si ile ya msibani? Ndiyo, ni ile ya kwenye kitabu chetu, bibi zetu wanaiimba bila kitabu usiku wa msiba mpaka asubuhi. Nikaona midomo ya alto inachezacheza, wanaifuata kwa Kiswahili kimya kimya. Kitabu hawakushika hata mmoja, sauti zao wanazijua tangu watoto kwa do re mi ya ubaoni. Tulipotoka nje hakuna aliyetoa simu kupiga picha, walisimama kwenye zile mawe wanaimba vipande, huyu anasema besi yao inaenda hivi, yule anasema hapana sisi tunashuka huku, mpaka wazee wawili waliokuwa wanapita wakasimama.

Na kuna upande wa pili ambao watoto wetu walikuwa hawaujui kabisa, na mi mwenyewe niliujua pale. Siku mbili baadaye tuko kijijini, kanisa dogo, watu labda sitini, tukaimba Mfurahini Haleluya. Wimbo ule wa Pasaka aliuandika mchungaji wetu Mtanzania, Bernard Kyamanywa, mwaka 1966. Ubeti wa kwanza Wajerumani wamekaa kimya kama kawaida yao, maana wao hawapigi makofi katikati, wanakusikiliza kama wanasikiliza mahubiri, halafu mwisho ndo wanasimama. Ubeti wa pili nikasikia sauti zinatoka kwenye viti. Wanaimba! Kwa Kijerumani chao. Kumbe upo kwenye kitabu chao cha nyimbo cha kanisa, namba 116, chini imeandikwa tuni imetoka Tanzania. Mama mmoja mzee akanifungulia ukurasa akaweka kidole pale, akanitazama, Kiingereza hana na mi Kijerumani sina, akanishika tu mkono. Vijana walipoambiwa wakaomba waimbe tena, safari hii Kiswahili na Kijerumani kwa pamoja, na Pasaka ilishapita zamani hakuna aliyejali.

Ndo maana kuna jambo lililonikera na nitalisema bila kutaja ni wapi. Sehemu mbili waliotukaribisha walituomba tutoe zile nyimbo za sauti nne kwenye programu tuweke za kucheza tu, na bango la mlangoni lilikuwa na picha ya mti wa mgunga na jua linazama. Nia yao ilikuwa njema, najua. Na kucheza tunacheza, kapotive, ile ya ngoma na kucheza, ni yetu, tunaipenda. Lakini kijana aliyekaa miezi saba anajifunza tuni ngumu kwa do re mi ubaoni, umeme umekatika, wanashika tochi za simu, halafu unamwambia hiyo iache uruke tu, unamwambia nini huyo mtoto? Mwalimu wetu alikubali mara ya kwanza. Mara ya pili alikataa kwa heshima, akaweka zote mbili, na sadaka ya mlangoni siku hiyo (kule kiingilio hakuna, watu wanatoa wakati wa kutoka) ilikuwa kubwa kuliko siku zote.

Berlin tulikuwa na siku moja na nusu, na watu walitaka lile lango la Brandenburg na mabaki ya Ukuta wa Berlin, sawa, tukapita. Lakini mi niling'ang'ania twende Museum für Naturkunde, makumbusho yao ya viumbe. Mle ndani kuna mifupa ya dinosaria, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13, imetoka Tendaguru, Lindi, ilichimbwa 1909 mpaka 1913, miaka michache tu baada ya Maji Maji. Wachimbaji walikuwa watu wa kule kwetu kusini, msimamizi wao mkuu akiitwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa na wapagazi kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Vijana walisimama chini yake kimya. Halafu mmoja akauliza swali ambalo sikuwa na jibu la haraka, akasema mama, mbona shuleni hatukuonyeshwa hata picha yake. Jioni kwenye basi nikawaeleza pia kuhusu mafuvu ya watu wa Kilimanjaro yaliyopelekwa Berlin enzi za ukoloni, na kwamba 2023 walitangaza vipimo vya DNA vimepata ndugu walio hai huku kwetu. Basi zima lilinyamaza, kisha binti mmoja akaanzisha, taratibu, ile tuni ya msibani. Wakaimba beti zote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaopanga ni huu, miji minne inatosha. Kila mji siku tatu au nne, siku ya kufika hakuna onyesho, siku ya onyesho hakuna kupanda minara. Na kabla ya kuuliza mji gani maarufu, fungueni kitabu chenu cha nyimbo muangalie tuni zimetoka wapi, muulize vitu vyetu viko wapi, halafu ndo mchague.

Mwakani mwezi wa nane vijana wao wanakuja kwetu. Rasimu ya ratiba imeshaanza kuandikwa na nimeona Ngorongoro, nimeona Zanzibar, nimeona Marangu. Nimeshaongea na bibi wanne wa umoja wa wanawake, wenye ile tuni kichwani, wamekubali kuwafundisha jioni mbili kwa Kiswahili, nyumbani kwa mmoja wao chini ya migomba, na nimemwambia mwenyekiti kama ni lazima kitu kitoke, itoke Zanzibar.